Mchanga Dukani kwa Taib

Nimepita masoko ya vifaa vya magari Sharja, Guangzhou na Kampala, na kila mahali uongo una harufu yake. Wa Nairobi unanuka grisi. Spana feki hupakwa grisi nyingi ili ionekane imetoka kiwandani jana, na ukiishika inakuganda vidoleni hata sabuni haifui dafu. Zainab, binti wa marehemu Taib, amekaa nyuma ya kaunta Barabara ya Kirinyaga tangu alipomaliza shule. Ana kitambaa cha kufutia mikono, na nimemwona akikitumia hata baada ya kusalimiana na mawakala.

Baba yake alitoka Kibokoni, Mombasa, akafungua duka hili enzi ambazo mtaa wote uliitwa Grogan. Alipofariki aliwaachia Zainab na mdogo wake Hanif vitu vitatu: rafu za vifaa, pikapu ya Peugeot inayopata kutu mbele ya mlango, na namna ya kuuza. Mteja akitaka spana, mzee Taib alimwambia, "Funga macho, bwana," kisha akamwekea moja mkono huu na nyingine mkono ule. Ya bati ilijulikana papo hapo. Chuma cha kweli kina uzito, na mkono hausomi maandishi ya boksi. Madereva wa Lavington na mafundi wa Ngara wamekua na mtindo huo. Wengine wakiingia dukani hufumba macho na kunyoosha mikono kabla salamu haijaisha, kama watu wanaongoja maji ya udhu.

Hicho ndicho Zainab alichokuwa akikilinda: kwamba hakuna aliyewahi kutoka kwa Taib amebeba takataka. Kodi hupanda, maduka ya jirani hubadilisha wenyewe kila mwaka, lakini neno hilo lilikuwa bado linaleta watu kutoka mbali.

Kisha zikaja jampa, zile betri ndogo za mkononi za kustua gari lililolala. Sasa kila mwenye gari Nairobi anataka moja kwenye buti, kwa sababu jirani wa kumwomba waya wa betri amekuwa adimu. Mtu wa Kilimani hamjui hata anayeishi mlango wa pili. Zainab alileta chache kutoka kwa wakala anayemwamini. Zilikuwa nyepesi na ghali, zikakaa rafuni zikila vumbi. Hanif, ambaye amekuwa akitamani nyumba ya Lavington, kwa matajiri, tangu alipooa, alileta zake kwa katoni. Zilikuwa nzito, na zikaondoka kama maandazi ya asubuhi.

Ndegwa alinunua moja. Yeye ni dereva wa mama mmoja mzee huko Kitisuru, mteja wa duka tangu enzi za Taib. Alifumba macho kama kawaida. Zainab mwenyewe alimwekea jampa yake nyepesi mkono wa kushoto, na ya Hanif mkono wa kulia.

"Hii," Ndegwa akasema, akiinua wa kulia. "Hiyo ingine ni kama boksi ya viberiti."

Zainab akamfungia.

Nilikuwapo siku aliporudi, nikitafuta soketi ya gari langu. Ndegwa aliingia amevaa suti nyeusi, akaiweka jampa juu ya kaunta polepole, kama mtu anayerudisha panya aliyekufa kwa mwenye paka.

"Mathe, hii kitu yako imeniaibisha."

"Imefanya nini?"

"Haijafanya kitu. Hiyo ndiyo shida. Leo tunazika dadake mdosi wangu. Amesimama kwa geti na maua, gari imelala. Nikamwambia, usijali, niko na mashine. Nimefunga waya, nimebonyeza, taa ya kijani imewaka vizuri kabisa. Gari hata haijakohoa. Soja wa geti akaniuliza kama nataka tuombe."

"Na mama?"

"Amebebwa na teksi. Hajaniambia hata neno moja. Heri angenitukana."

Zainab alichukua bisibisi. Hakusema anachotaka kufanya. Alifungua skrubu za chini, akapachika ncha ya bisibisi kwenye ufa wa plastiki na kubinua hadi kifuniko kikaruka. Ndani mlikuwa na betri mbili za tochi zilizobandikwa gundi, na mfuko. Aliutoboa. Mchanga ukamwagika juu ya kaunta, mchanga wa mto, mwembamba na safi, umechekechwa.

Nimeona wizi mwingi, na mwingi hunichekesha. Huu haukunichekesha. Mfuko ulikuwa umezungushwa utepe wa gundi kwa uangalifu ili usitoe sauti ukitikiswa. Mahali fulani kuna mtu aliyekaa kitako, akafikiria mkono wa Ndegwa, akafikiria na sikio lake, kisha akaenda kuchekecha mchanga. Kama angetumia akili ile ile kutengeneza betri, tungekuwa na betri.

Hanif alitoka stoo akijifuta mdomo.

"Dada, mbona wafungua mzigo mbele ya mteja?"

"Ulijua?"

"Mpe nyingine, mambo yaishe."

"Nimekuuliza, Hanif. Ulijua?"

"Mtaa mzima wajua. Taa yawaka, simu yachaji. Ni wangapi watakuja kustua gari kweli? Mtu aitia kwenye buti, aisahau." Akatazama mchanga, akaanza kuukusanya kwa kiganja kama mtu anayeokota makombo ya mkate. "Mimi nilijua ni nzito. Na nilijua wateja wa baba wapenda nzito."

Aliyasema hayo bila hasira, kama anayesoma bei. Zainab alifuta mikono kwa kitambaa chake, kidole kimoja kimoja, kisha akakitupa.

"Yatoe makatoni yako," alisema.

"Niyapeleke wapi?"

"Hapa hayalali."

Kisha aliteremsha jampa moja nyepesi kutoka rafuni, akapuliza vumbi, akampa Ndegwa. Ndegwa hakunyoosha mkono.

"Mathe, usinicheze mara mbili. Hii haina kitu ndani. Hata mtoto anaibeba."

Nadhani hapo ndipo ilipomuuma zaidi. Kanuni ya baba yake, ambayo alikuwa ameitetea mbele ya kila wakala, ndiyo iliyomfungia Ndegwa mchanga. Kwa spana ilikuwa kweli. Kwa betri hizi mpya ilikuwa upofu, na yeye ndiye aliyewafumbisha watu macho. Akachukua ufunguo wa pikapu msumarini, akatoka nje na jampa mkononi.

Pikapu ya mzee ilikuwa haijawaka muda mrefu. Aliinua boneti, akamwambia Ndegwa aingie, azungushe ufunguo. Ikasikika "tik" moja, basi. Zainab alifunga kibanio chekundu, kisha cheusi.

"Jaribu."

Stata iliguna, injini ikashika, moshi mweusi ukatoka nyuma na kumfunika muuza matairi wa jirani, ambaye alitukana kwa Kikamba. Ndegwa alitoa kichwa dirishani.

"Nipe hiyo. Na unipe na risiti, nimwonyeshe mdosi pamoja na ule mchanga."

"Mchanga pia uchukue," Zainab alisema. "Ubebe wote."

Hanif aliyahamisha makatoni siku hiyo hiyo. Alikodi nafasi ng'ambo ya barabara, kati ya duka la vioo na kibanda cha kuchaji simu, akatundika kibao kilichoandikwa Taib na Mwana. Zainab angeweza kwenda mahakamani kwa ajili ya jina hilo, lakini jina ni la wote wawili.

Nilirudi Nairobi miezi kadhaa baadaye. Pikapu ilikuwa imefunguliwa boneti tangu asubuhi. Kila jioni Zainab huacha taa zake zikiwaka makusudi ili betri iamke imechoka, na kila jioni mlinzi mpya wa mtaa huja kumwambia, "Mama, umesahau taa." Jampa yoyote inayouzwa kwake hustua kwanza pikapu ile mbele ya mnunuzi; isipoistua, hairudi rafuni. Wauzaji wa jirani wanamchukia kwa sababu ya moshi. Wengine wanamchukia kwa sababu nyingine.

Alikuwa na mteja, Mwihaki, anayeendesha teksi ya kuitwa kwa simu Kilimani. Mwihaki alikuwa ameshafumba macho na kunyoosha mikono.

"Niwekee jampa, nione iliyo nzito," alisema. "Babangu alinifundisha hapa hapa."

Kutoka ng'ambo ya barabara, juu ya honi na mikokoteni, sauti ya mwanamume ilisikika ikimwambia mtu, kwa upole wote wa Mombasa na kwa mpangilio ule ule wa marehemu, "Funga macho, bwana." Watu walikuwa wamejaa kwa Hanif mpaka barazani.

Zainab alikunja uso kama aliyeonja maziwa yaliyoharibika. Kisha akamwekea Mwihaki ufunguo wa pikapu kwenye kiganja.

"Hii si nzito," Mwihaki alisema, macho bado yamefumbwa.

"Fungua macho," Zainab alimwambia. "Twende nje."