Pipi za Krismasi na Kikapu cha Mama Mkwe

Mwaka ule sukari iliadimika Musoma mpaka sisimizi wakahama mtaa wetu wa Nyasho wakatafute maisha kwingine. Duka la kijamaa lilikuwa na majembe, viberiti na muuzaji anayesinzia. Sisi tulikuwaga tunakunywa chai ya chumvi, na tukitembelewa tunasema ndiyo inayotakiwa na daktari.

Habari zikamfikia mama mkwe wangu kule Mugeta, kwenye ng'ombe na maziwa. Akatuma neno: anakuja, na akikuta binti yake anakunywa chumvi, anaondoka naye. Hakuwa mtu wa mzaha. Siku yenyewe mke wangu alichungulia njiani, akarudi mbio.

"Amebeba kikapu kitupu!"

Mtu wa Mugeta haji mjini na kikapu kitupu, ila kama kuna kitu anakuja kukichukua. Hapa zilikuwa nguo za mke wangu, na mwenye nguo akifuata nyuma.

Sukari hatukuwa nayo hata punje. Tulikuwa na pipi. Mke wangu aliimba kwaya ya Krismasi kwenye misheni ya Nyegina, na kila mwanakwaya aligawiwa mfuko wa pipi na chokoleti moja. Chokoleti alimwekea mama yake. Ikaliwa na panya wiki ileile, au ndivyo nilivyomwambia, naye akampelekea mama yake habari hiyo.

"Yeyusha pipi kwenye chai," nikasema. Nilikuwa nimehitimu masomo ya jioni mwezi uliopita, na duniani hakukuwa na jambo nisilolijua.

"Itakubali kweli?"

"Sayansi hiyo! Sukari ni sukari."

"Hodi humu!"

Nikaruka nyuma ya pazia. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawakai uso kwa uso, na chumba chetu kilikuwa kimoja. Nikakaa kitandani kusikiliza kesi yangu mwenyewe.

"Umekonda," ndiyo ilikuwa salamu ya mama mkwe.

"Sijakonda, mama."

"Na shingo hiyo ya nani?"

Mke wangu akatoka uani, ambako jiko lilikuwa chini ya dirisha langu. Punde uso wake ukatokea.

"Mwanasayansi," akanong'ona, "njoo uone."

Chai ilikuwa ya kijani kama maji ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Kwenye ule mfuko, pipi kali za kifua zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Mvuke wake ungezibua pua ya fahali.

"Nikimpelekea hii, leo nalala Mugeta." Machozi yalimlenga, wala si kwa moshi.

Mimi nilikuwa nimekalia godoro, na godoro limekalia chokoleti. Nusu yake. Nikiitoa, nimeumbuka. Nisipoitoa, sina mke. Nakiri nilifikiri muda mrefu kuliko inavyompasa mume. Kisha nikainua godoro. Ile karatasi ya kung'aa ikapiga kelele kama bati linalong'olewa na upepo.

"Nini hicho?" mama mkwe akauliza.

"Panya, mama," mke wangu akajibu, ananikazia macho, mkono kaunyoosha dirishani.

Chokoleti ikazama sufuriani, chai ikageuka rangi ya chai. Akaingia nayo. Nikamsikia akinywa, fyoo moja. Nilisikia ziwa likipumua, na ziwa lilikuwa mbali. Fyoo ya pili. Kikombe kikatua mezani.

"Chai ya nini hii?"

"Ya... ya hapa mjini, mama."

"Inaingia tamu, inatokea puani." Akakohoa. "Ongeza."

Akanywa cha pili chote. Kisha akapaza sauti, sijui akisema na nani:

"Chokoleti yangu si mliniambia ililiwa na panya? Huyu panya wa Nyasho anajua na kuifunga tena karatasi?"

Nikasikia mke wangu akipangusa meza iliyokuwa safi. Mimi nikavuta shuka mpaka kichwani.

"Basi atunzwe," mama mkwe akasema. " Panya anayerudisha alichoiba, hata Mugeta hatunaye. Pipi zimebaki?"

"Sita, mama."

"Tia kikapuni. Baba yako ana kikohozi."

Kikapu kikaondoka na pipi sita, nguo zikabaki kwenye kamba. Nikashusha pumzi. Pazia likafunguliwa, mke wangu akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Na nusu nyingine iko wapi?"

Hapo nikatamani mama mkwe arudi.