Kikombe cha Pili cha Shauri Moyo

Niliondoka Makueni kwa sababu ya simu moja. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Dada yangu Kanini aliniandikia kwamba Jumapili, baada ya ibada, bintiye Kalondu angepiga kutoka Uingereza na kumpa simu mtoto wake wa miaka mitano. Mtoto huyo hakujua Kikamba wala Kiswahili, na dada alikuwa na Kiingereza cha sokoni tu. "Njoo uketi karibu nami," aliandika, "lakini usinitafsirie. Ukinitafsiria, utakuwa umeongea naye wewe."

Aliongeza kwamba alikuwa akijifunza Kiingereza kwa nyimbo. Nilitabasamu. Mimi hufundisha somo hilo shule ya upili, na stadi ya kusikiliza niliifundisha kwa kusoma vifungu kwa sauti huku wanafunzi wakisinzia.

Ijumaa, saa nane mchana. Basi lilinishusha stendi ya mabasi ya mashambani, nikatembea kupitia Gikomba, kati ya mitumba na vumbi la mbao, hadi chumba cha dada Shauri Moyo. Rafuni kulikuwa na vikombe viwili vya bati, vya buluu. Nilinyoosha mkono.

"Wacha hicho, Mutua."

Alinitilia chai kwenye glasi ya jemu, akanywa yake kwa kikombe kimoja. Jioni aliviosha vyote viwili, ingawa cha pili hakikuwa kimeguswa.

Jumamosi, saa tisa alasiri. Darasa la Kiingereza la dada lilikuwa katika ukumbi wa kanisa. Mwalimu Nekesa, karani aliyestaafu, alirudisha kanda nyuma kwa kuizungusha kwa kalamu ili betri zisiishe.

"Kalamu chini. Inueni mkono mkisikia kitu kisichowezekana."

Mwimbaji alisema kwa Kiingereza kwamba yeye ni koti lililosahauliwa nyuma ya mlango wa mtu. Mikono ikapanda. Wengi hawakuupata mstari mzima, lakini walisikia pale sauti ilipotia mkazo, wakakamata koti na mlango.

"Sasa, kwako iko wapi?" Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yake: kila tamathali ilitafutiwa jamaa yake nyumbani kwa msikilizaji.

"Kwangu ni kiti," alisema Ochieng', fundi seremala. "Mteja aliagiza, akahamia mtaa wa Fedha, hajarudi. Kila mtu anakikalia, lakini si chake." Watu wakacheka. Akanigeukia. "Na wewe, mwalimu wa ocha, wa huko mashambani, umekuja kutusahihisha?"

"Nimekuja kusikiliza."

"Basi weka kalamu chini, mzee!"

Nikaiweka. Zamu ikamfikia dada.

"Mama Kalondu, kwako?"

Aliangalia mikono yake. "Sina."

Mwalimu Nekesa hakumjibia. Alingoja kitambo, kisha akasema, "Itakuja."

Jumapili, saa saba mchana. Simu ya ofisi ya kanisa ilikuwa kuukuu, na sauti yake ilinifikia nilipoketi. Dada alisalimiana na Kalondu kwa Kikamba, kisha sauti nyembamba ikaanza kumimina Kiingereza. Dada alikunja uso. Maneno yalikuwa yakimpita. Niliuma midomo.

Ndipo mtoto akapunguza mwendo: mama anasema wewe, nyanya, ni harufu ya leso yako ya manjano.

Dada akainua mkono. Mbele ya ukuta mtupu, kama yuko darasani. Machozi yalimtangulia, lakini akajibu kwa Kiingereza, neno baada ya neno: "Mwambie mama, yeye ni kikombe changu cha pili."

Nilimsikia mtoto akirudia maneno hayo, kisha kilio cha mtu mzima. Baadaye laini ikakatika.

"Mengine yote yalinipita," dada aliniambia tukirudi nyumbani. "Hilo nililisikia lote."

"Wanarudi lini?"

"Hakusema."

Jumatatu alfajiri, kabla ya kwenda stendi, nilijichukulia glasi ya jemu bila kuambiwa. Dada alicheka kidogo, akanitilia chai.

Jumanne nilikuwa darasani, na redio kaseti ya kuazima badala ya kitabu. Mwimbaji wangu alisema moyo wake ni nyumba yenye taa moja. Msichana wa dawati la nyuma, ambaye sikuwa nimewahi kumsikia, akainua mkono.

"Kwako iko wapi?"

Akainama juu ya dawati. Zamani ningempa jibu sahihi, tuendelee. Nilizima redio, nikavuta kiti, nikangoja.