Mashimo yetu yalikuwa juu ya chemchemi yao

Admin, nifichie jina na kijiji changu, maana huku Lushoto ukikohoa mlima huu unapewa pole na mlima wa pili. Mimi ni mzee wa miaka themanini kasoro mmoja, Msambaa, baba wa watoto tisa, na meno yangu bado ni yangu. Shule nilikaa madarasa mawili tu, lakini haya nimeyaandika mwenyewe kwa kidole kimoja, siku tatu. Mwenye kucheka maandishi acheke akishamaliza kusoma.

Wakati wa Ujamaa ilikuja kampeni ya afya ya redioni. Kila kitongoji kikundi chake: mnakaa mnasikiliza redio, kiongozi anasoma kijitabu, mnajadiliana, halafu mnakwenda kuchimba vyoo. Kwetu kiongozi nilikuwa mimi. Sikuchaguliwa kwa kusoma, nilichaguliwa kwa sauti. Nikiita kule juu, walioko bondeni wanageuka. Nilipewa semina ya siku chache, nikarudi na kijitabu mfukoni mwa shati, nikawa natembea nacho hata nikienda kulima. Kusema kweli nilikuwa nasoma picha. Penye maneno mengi nilikuwa napapita.

Kitongoji chetu kiko mteremkoni. Juu tulikaa sisi wenye ukoo, tuna mashamba, mikaratusi yetu, na mfereji wa maji unaotoka msituni. Chini walikaa waliokuja baadaye, vibarua, nao walichota kwenye chemchemi iliyo chini yetu. Mimi nilitaka kikundi changu kiwe cha kwanza kata nzima. Kwenye migomba na kahawa hakuna aliyekubali patobolewe, basi nikaonyesha ukingo ule chini ya nyumba zetu, udongo laini. Haikupita wiki mbili, vyoo vyote vimesimama. Wakubwa walikuja kutazama, wakanishika mkono mbele za watu. Nilitembea kama jogoo.

Kulikuwa na mjane mmoja wa kule chini, nitamwita Mama Hidaya. Siku moja alisimama kikundini.

"Ndugu kiongozi, samahani. Mashimo haya si yako juu ya maji yetu?"

Nikakipiga kijitabu kofi. "Mama Hidaya, wewe umesomea wapi? Kitabu kimesema udongo unachuja. Au unabishana na serikali?"

Mwenzangu mmoja akadakia, "Mwacheni, anatafuta pa kukwepea jembe huyo!"

Tukacheka. Akakaa. Ndugu zangu, kitabu hakikusema hivyo. Mimi sikujua kitabu kimesema nini.

Masika ilipokolea, watoto wa chini wakaanza kuhara. Wetu wa juu wazima. Nikaitisha kikundi nikauliza kwa nini wao na si sisi, na jibu nikalitoa mwenyewe: uvivu, hamchemshi maji. Mama Hidaya akasema taratibu, "Kuni, ndugu kiongozi? Msituni bwana misitu anatukamata, kwenye mikaratusi yenu mnatufukuza. Kamzigo nikikapata napikia ugali." Nikamjibu, "Mwenye nia hakosi kuni." Nilijiona nimesema neno la maana, nikalirudia mara mbili.

Hidaya, mtoto wake wa pekee, akafariki kabla hatujakutana tena. Msibani nilisimama, mimi huyu, nikasema, "Tungechemsha, leo tusingekuwa hapa." Nilitegemea atanitukana. Akainama akasema, "Kweli, baba. Ni mimi."

Baadaye akaja bwana afya kukagua. Akanivuta pembeni, akaniita bwana kwa Kisambaa. "Mgoshi, nani kawaonyesha hapa?" Nikasema wazee. "Haya yote yanashukia maji ya watu. Mbona kijitabu kimeandika, choo kisiwe juu ya maji?" Hakunifedhehesha, alisema tu tuhamishe. Tukahamisha. Watu niliwaambia udongo unabomoka. Chemchemi ilipotakata na watoto wakaacha kuhara, wa chini wakasema kumbe kuchemsha kunasaidia, na mimi nikawaacha waseme.

Sasa sikieni ya mwezi uliopita. Muuguzi wetu wa zahanati, binti mdogo, ana kikundi anachofundisha mambo ya umaskini na maradhi. Akanialika kama mwalimu wa zamani, nikavaa koti. Nikawekewa kiti mbele. Binti akauliza, "Kwa nini maradhi yanaanza kwa maskini?" Akasimama bibi amepinda mgongo, ni Mama Hidaya. Hakupata mtoto mwingine, mpaka leo anaitwa kwa jina la yule.

"Jibu ninalo," akasema. "Ni uvivu wetu. Mimi nilimuua mwanangu kwa kutochemsha maji, na mzee huyu alinionya. Muulizeni."

Muuguzi akasema, "Bibi, usijihukumu hivyo. Kwani kuni mlikuwa mnapata wapi?" Kisha akanigeukia. "Eti mzee, ilikuwaje?"

Mimi, ambaye kijiji kizima hakijawahi kuninyamazisha, nilisema, "Ni mambo ya zamani hayo." Basi.

Tulipotoka Mama Hidaya akanishika mkono. "Shikamoo, baba. Asante. Laiti ungenikemea mapema zaidi." Nikaitikia marahaba. Kumbe hadithi hiyo huisimulia kwenye kila kikundi, wazazi wachanga wapate funzo.

Mke wangu nimemwambia. Kasema, "Mwache. Kifua kinamsumbua, utamuua kabla ya siku zake."

Ndugu zangu, maisha yangu yote nimebishana na kila mtu, leo ndiyo naomba kuambiwa. Nikimwambia, nampa hasira ya miaka hamsini wakati hana nguvu ya kuibeba. Nikinyamaza, atazikwa akijiita muuaji wa mwanawe. Niende kwake nyumbani nikae chini, au nisimame kwenye kikundi kile kile, na wa juu waliobaki wasikie? Nielekezeni. Ila asiniambie mtu nimwachie Mungu. Pale pa kuchimba hakuonyesha Mungu, nilionyesha mimi.