Mafuta ya Karanga Nyekundu za Dibor

Dibor Ndour alianza kukamua mafuta kabla hajaolewa, na mikono yake ilizijua karanga kuliko ilivyojua nyuso za majirani. Mwenyekiti wa ushirika, Ousseynou Thiam, alipowakusanya wanawake na kutangaza kwamba msimu ule zitanunuliwa karanga mpya tu, zile nene, na kwamba zile nyekundu ndogo za bibi zao wawape mbuzi, Dibor alisimama.

"Mbuzi wangu wameshiba, Mzee Thiam. Nani ameyapima mafuta ya hizi akayakuta mabaya?"

Thiam alisema wasomi walishapima zamani. Dibor akaomba kuiona karatasi. Karatasi haikuwapo.

Basi akapanda aina zote mbili katika shamba moja, chini ya mvua ileile. Waly, mumewe, alimwonya kwamba anagombana na Thiam, ambaye ndiye mgawa mbolea; akajibiwa kwamba samadi iko zizini. Alipovuna alibangua, akatupa zenye ukungu, akakamua kila aina peke yake. Kisha akafunga chupa mbili kwenye kanga, akapanda basi hadi Dakar, kwenye maabara ya chuo kikuu.

Mlinzi alimzuia getini siku mbili. Siku ya tatu akatoka mpimaji mmoja, Penda Sow, Mfulani, kabila lenye utani na Waserer, watu wa kina Dibor, akamwuliza anauza nini.

"Siuzi. Nataka kujua kilichomo humu."

"Mserer kubeba mafuta bila wali? Dunia imegeuka, mtani."

"Wali utaupata ukimaliza kazi. Nyie Wafulani mkishiba kwanza, hamfanyi kitu."

Penda akacheka, akazipokea chupa.

Baada ya wiki tatu Dibor alirudi kuchukua karatasi ya majibu, na Penda hakuyapamba. Karanga nene zilitoa mafuta mengi zaidi, na vitamini E ilizidi kidogo. Lakini katika mafuta ya nyekundu, sehemu sitini na moja kwa mia zilikuwa asidi ya oleiki, ile inayosifiwa kwenye mafuta ya zeituni. Ya nene yalikuwa na arubaini na tatu tu, na ndiyo yangewahi kuchacha. Dibor hakujua kusoma. Alimfanya Penda ayarudie mpaka akayashika yote kichwani, mazuri na mabaya.

Kwenye mkutano wa ushirika aliyataja yote mawili, hata yale yaliyomuumiza. Thiam akasema karatasi haiungi mchuzi.

"Haiungi," Dibor alikubali. "Ila siku ile ulisema wasomi walipima, na karatasi yao haikuwapo. Yangu hii hapa."

Ushirika haukubadili neno. Nyekundu hazikununuliwa, na mwaka ule Dibor aliuza chupa zake mwenyewe, sokoni Fatick, juani. Lakini kabla ya mvua kurudi, wanawake kumi na mmoja walipita nyumbani kwake na vibuyu kuomba mbegu. Aliwapimia kila mmoja, akawaambia wapite mbele ya nyumba ya Thiam, mchana kweupe, vibuyu vikiwa wazi.

Wakapita.