Latini Ilinichezesha Ngoma ya Mapasa

Mucheke tu, bandugu, haya nimeshaizoea. Minye, prof ya biolojia, muntu wa kuvaa koti hata mu joto ya Likasi, nilicheza ngoma ya mapasa, ya mapacha, mbele ya avenue yote, pemba, ule udongo mweupe, ku uso na matusi ku kinywa, juu ya Latini!

Surua iliingia kartye yetu. Banganga ba hospitali bakaniomba nishike megafone niite bamama ku chanjo, niseme "leteni batoto", basi. Lakini bamama bakakuya bengi, bakanyamaza (munajua prof akiona batu banamunyamazia), na minye huyo nikaanza kueleza asema vaccin, ile chanjo, neno yake inatoka ku Latini, vacca, ni kusema ng'ombe, juu zamani munganga mumoja alitoa maji ya kidonda ya ng'ombe akakinga nayo batu na ndui.

Mama Mapasa, mwenye kubeba mapasa yake, Mbuyi na Kabanga, akasimama.

"Prof, unataka kutia batoto yangu usaha ya ng'ombe?"

"Hapana, mama, ile ni ya zamani! Leo sindano inapita chini ya ngozi tu, haigusi hata muskulu, musuli ya mukono. Na muskulu, ku Latini, ni kapanya kadogo..."

Ku megafone, jamani. Kapanya, ku megafone!

"Ng'ombe, na sasa panya! Twende!"

Kwetu mama ya mapasa iko na heshima yake, akiondoka nani atabaki? Bote bakamufuata. Mama Béa, muuguzi, akaniangalia na hasira.

"Mu lupango, ku kiwanja kwenye bale mapasa banaishi, kuko tayari mutoto mugonjwa na surua. Prof, utabarudisha."

Nikasema nitabarudisha leo, hata kwa magoti. Nikaenda kwa Mama Mapasa kueleza mikrobi, mulango ukafungwa. Nikaeleza ku dirisha.

"Umekasirisha mapasa," Mama Mapasa akajibu mule ndani. "Desturi unaijua."

Naijua, ndiyo: unajipaka pemba, unacheza, unaimba nyimbo ya mapasa, zile za matusi ya kitandani zenye hata mu baa batu banaziimba polepole. Banafunzi yangu bakatoa simu. Nikaimba. Mulango haukufunguka. Nikaimba ya pili kwa nguvu zaidi, nikakata kiuno mpaka koti ikapasuka mugongoni, na sikuacha, haki ya Mungu singeacha!

Njo nikasikia kicheko. Mama Mapasa akatoka na batoto.

"Lakini hakuna mwenye kutangulia," akasema, juu mapasa unabatendea sawa.

Basi bauguzi babili, sindano mbili, mara moja. Mbuyi na Kabanga bakalia pamoja, na minye nikalia nabo, pemba ikachuruzika mpaka ku kidevu. Bamama bakarudi, bakapanga mustari. Mumoja akanivuta mukono.

"Prof, na rougeole, hii surua, ile neno inatoka wapi?"

Nilijua. Nilijua kabisa, ilikuwa ku ncha ya ulimi.

"Sijui, mama. Leta mutoto."