Ametoka Kidogo

Katika ofisi zetu za umma za miaka ile, koti halikuwa vazi. Kwa joto la Mwanza, nani angevaa koti la suti saa nne asubuhi? Koti kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti. Mwenyewe akifika asubuhi analitundika kwenye egemeo, anafungua faili moja mezani, anaweka kalamu juu yake, kisha anakwenda zake kutafuta maisha. Akija mtu kumuulizia, mlio ndani mnatazama kiti, mnaliona koti, mnajibu kwa roho nyeupe kabisa: "Yupo, ametoka kidogo." Hatukuona kuwa ni uongo. Mishahara ilichelewa, bei zilikuwa zimepaa tangu kila kitu kiwe ruksa, na aliyetoka leo ndiye atakayekulindia kiti kesho ukitoka wewe.

Mimi nilikuwa mpiga chapa katika mradi wa visima vya vijijini. Ilikuwa ofisi ya serikali iliyoendeshwa kwa fedha za wafadhili, juu ya mawe huko Ilemela, ziwa likionekana lote dirishani. Chumbani kwetu tulikuwa watano: mzee fundi wa pampu, ambaye hasemi mpaka akohoe kwanza, mtunza stoo, mchora ramani, mimi, na yule aliyeshughulika na kamati za maji za vijiji, tuliyemwita bwana maji, kama wengine walivyo na bwana shamba wao. Huyu alikuwa Mjita wa Mara. Mkewe, watoto na mama yake mzee walikuwa nyumbani, kando ya ziwa hili hili, na yeye alipanga chumba Kirumba.

Ndipo tukaletewa meneja mpya, kijana msafi, mwenye adabu. Niseme mapema kwamba alikuwa mtu mwema, maana kila ninapokisimulia kisa hiki wasikilizaji hutaka yeye ndiye awe jini. Alitumwa aongeze ufanisi, neno tulilolisikia mpaka likatuchosha masikio. Akatundika ubao mkubwa ukutani kwenye korido, umejaa misumari, na kila mmoja wetu akapewa kibao cha duara, upande mmoja wa kijani, upande mwingine mwekundu. Ukiwepo, kijani. Usipokuwepo, chekundu. Kila jioni alinakili rangi zile ofisini kwake. Mwisho wa mwaka wa fedha chumba chenye wekundu mwingi kingefungwa na watu wake wote kupunguzwa.

Kupunguzwa! Mji mzima ulikuwa unaogopa neno hilo. Tulikuwa tumewaona makarani wa mashirika mengine, watu wazima na miwani yao, wamesimama nyuma ya marundo ya mitumba wasijue hata kutaja bei. Kwa hiyo kila asubuhi meneja alipita koridoni akichungulia vyumba. Hakuingia, hakutaka kutusumbua kazini. Alitazama viti, na viti vilikuwa na makoti, naye akaenda zake ameridhika.

Bwana maji alituaga Ijumaa moja ya mvua za vuli. Kama wengi wakati ule, alikuwa ameanza biashara ya sangara: anapanda mtumbwi wa injini hadi visiwani, ananunua kwa wavuvi, anakuja kuuza soko la Mwaloni. "Jumatatu nipo," alisema. "Nilindieni kiti." Koti lake la kijivu akaliacha pale pale.

Jumatatu mzee fundi alikigeuza kibao chake kikawa kijani. Jumanne nikakigeuza mimi. Wiki iliyofuata mzee akaenda Kirumba kuulizia, akakuta kufuli mlangoni, na mama mwenye nyumba akamwambia, "Huyo siku hizi anashinda na kulala kazini." Mwaloni nako wakasema mtumbwi aliozoea kupanda haujaonekana, lakini mitumbwi huhama mialo inakoshushia samaki, pengine uko Ukerewe, pengine umevuka hadi Uganda. Basi ikawa hivi: Kirumba anaaminika yuko kazini, kazini ametoka kidogo, na kwao wanajua yuko mjini. Mtu mmoja alikuwa kila mahali kwa maneno, na hakuna aliyemtia machoni.

Mtauliza kwa nini hatukusema. Tungesema nini? Ukisema haonekani, kibao kinageuzwa, anafutwa kazi, halafu siku ya pili anatokea mlangoni na ndevu zake na harufu ya samaki, anakuta ulimi wako umemfukuzisha. Tulimpenda. Tulimlinda kama ambavyo yeye angetulinda, na mishahara yake, ilipokuja, mhasibu aliifungia kando bila kuigusa.

Lakini kuna mtu aliyekuwa akiulipia wema wetu, naye alikuwa mkewe. Krismasi ilipita bila mumewe kufika. Akamtuma kaka yake aje kumtazama. Kaka mtu akaja hadi chumbani kwetu, akauliza, akajibiwa lile jibu letu, akaliona koti kwa macho yake mwenyewe, faili wazi, chai ikifuka moshi kikombeni. Akashika njia kurudi kwao na habari kwamba shemeji ni mzima wa afya. Unafikiri mwanamke aliielewaje habari hiyo? Mume mzima, kazini yupo, nyumbani haji, hatumi hata salamu. Alijua ameachwa. Alikuwa na kiburi chake, nami namsifu kwa hilo, akasema hatamfuata mwanamume aliyemkataa.

Ile chai nieleze. Meneja alikuwa akichungulia, kwa hiyo kikombe cha bwana maji kilimiminwa chai kila asubuhi pamoja na vyetu. Saa sita kikombe kilikuwa kitupu. Nilidhani anayeinywa ni mtunza stoo, yeye akadhani ni mimi. Tukafika mahali pa kuulizana, kila mmoja akakana, na tangu siku ile tukaacha kuulizana.

Kiti chake kiligeukia dirisha, mgongo kwa mlango, hivyo aliyesimama koridoni aliona mabega ya koti tu. Upepo wa ziwani ukiingia, mikono ya koti ilitikisika. Siku moja mama mmoja wa kamati ya maji ya Buswelu alisimama mlangoni, akalisalimia koti, "Shikamoo baba," kisha akaketi kwenye benchi kungoja. Baada ya muda akaniinamia sikioni.

"Bwana wenu leo ana nini? Hanijibu."

"Amechoka, mama," nikasema. Lilinitoka lenyewe.

Na vumbi. Ilemela ikikauka, vumbi huingia kila mahali. Nikipangusa mashine yangu asubuhi, saa tano ina vumbi. Koti halikuwa na vumbi. Nililipitishia kidole begani, kikatoka safi. Nikaanza kuogopa kuingia chumbani peke yangu, nikawa nasubiri koridoni mpaka mzee aje. Baadaye sana ndipo nilipomkuta mchora ramani akilipangusa kwa kitambaa chake cha mfukoni, akashtuka kama mwizi. Mzee naye alikuwa akilipangusa, na mtunza stoo pia, kila mmoja kwa siri na wakati wake. Tulikuwa tukitishana wenyewe kwa wenyewe. Chai tu ndiyo sijui mpaka leo.

Kazi yake tuligawana. Mzee alichukua ziara za vijijini, mchora ramani akachukua mikutano, mimi nikaandika taarifa zake. Na hapa ndipo pananichekesha mpaka leo, ingawa si kicheko kizuri: kazi ile ilifanyika vizuri kuliko alipokuwepo. Kazi yangu mwenyewe niliweza kuilaza hadi kesho, ya kwake sikuthubutu, maana ingelala yeye ndiye angeonekana mzembe, naye hakuwa na mdomo wa kujitetea. Pampu za vijiji vyake zikawa haziharibiki ovyo. Kamati zake zikawa zinakutana. Sisi tuliumwa, tulifiwa, tulipewa ruhusa, vibao vyetu viligeuka vyekundu mara kwa mara. Cha kwake hakikugeuka. Hakuumwa, hakufiwa, hakuomba ruhusa.

Meneja aliliona hilo, kwani kuona vibao ndiyo kazi aliyopewa. Mei Mosi ilipokaribia akatangaza mfanyakazi bora wa mradi: bwana maji. Chumbani kwetu hakuna aliyepiga makofi. Meneja akadhani ni wivu, akatuasa kidogo kuhusu kupendana. Tukaambizana kwamba kesho tutamweleza ukweli, tukagombana nani atangulie kusema, na kesho yake tukakuta ameshamtuma dereva Mara tangu usiku. Alitaka kumfurahisha mfanyakazi wake bora kwa kumletea mke siku ya zawadi bila yeye kujua.

Gari lilirudi mchana. Niliona vumbi lake toka dirishani. Aliyeshuka alikuwa mwanamke mrefu, kitenge kipya, kilemba kimefungwa kwa uangalifu, kikapu mkononi. Alikuwa akitabasamu. Sikuwahi kuogopa tabasamu la mtu maishani mwangu kama siku ile.

"Shikamoo baba," alimsalimia mzee.

"Marahaba, mwanangu."

"Baba wa watoto wangu yuko wapi?"

Mtunza stoo, kwa mazoea tu ya mdomo, akajibu, "Ametoka kidogo."

Akaketi kungoja. Akaweka kikapu magotini, akatuonyesha karanga alizomkaangia mumewe. Alisema gari la ofisi lilipofika uwanjani kwake alijua mume ameona aibu, anatafuta pa kuanzia, na kwamba yeye njia nzima amekuwa akipanga maneno makali, lakini sasa yamemwisha yote. Mchora ramani alitoka nje. Mimi nilikodolea mashine yangu macho, nikimwomba Mungu ardhi ipasuke.

Aliyeingia ni meneja, amejaa furaha, mikono miwili imenyooshwa.

"Karibu sana, mama! Mume wako ametutia moyo sote hapa. Tangu niweke ubao wangu hajakosa kazini hata siku moja."

Tabasamu lilibaki usoni mwa yule mama kitambo, halina kazi tena.

"Hata siku moja?"

"Hata moja."

"Wakati wa Kwaresma je? Siku tuliyomzika mama yake?"

Yule mama akamwelekezea kidole mtunza stoo. "Kaka yangu alileta habari ya msiba hapa, akampa huyu baba, alinieleza sura yake. Akaambiwa ametoka kidogo, akirudi ataambiwa. Tulimngoja na jeneza limefunguliwa mpaka watu wakaanza kunung'unika. Hakuja. Nikaapa pale kaburini sitamsamehe."

Hilo hatukulijua. Tukamgeukia mtunza stoo sote, naye akawa anatazama sakafu. Alikuwa amekaa nalo peke yake tangu Kwaresma.

Mwanamke akasimama. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. Alikuwa akifikiri, na sisi tukimtazama anavyofikiri.

"Mume wangu ana mabaya yake, nayajua yote," alisema polepole. "Lakini mazishi ya mama yake asingeyakosa."

Akavua viatu, akavipanga kando, akaketi chini kwenye saruji, miguu ameinyoosha kama wanavyokaa wanawake kwenye msiba. Kikapu kilibaki juu ya kiti.

"Amekufa?"

Mzee akakohoa. "Ndiyo, mwanangu. Alikwenda visiwani na mtumbwi, hakurudi."

"Lini?"

Mzee akakohoa tena.

"Sina mwili wa kuzika," alisema. "Nitamwekea msalaba karibu na mama yake. Mwalimu wa dini ataniuliza tarehe ya kuandika. Alikufa lini?"

Mzee akasema ni Ijumaa ile aliyoaga. Mtunza stoo akasema hapana, Ijumaa alifika salama, kuna mtu alimwona kisiwani Jumapili akipima samaki. Mimi nikakumbuka kusikia kwamba kulikuwa na dhoruba ziwani katikati ya wiki, mzee akanikatalia, dhoruba ilikuwa wiki iliyofuata. Tukabishana hivyo, watu wazima, mbele ya mjane, kama tunaobishania zamu. Mwisho sote tukamtazama meneja, kwa kuwa yeye ndiye aliyeweka kumbukumbu.

Meneja alikuwa ameshika fremu ya mlango.

"Kwangu," alisema, "kwangu mimi alikuwepo mpaka jana."

Yule mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu alilolifuata. Akalegeza kilemba chake, akakifunga kiunoni.

"Basi nitaandika leo," alisema, ndipo akaanza kulia.