Uyoga wa Chini ya Paini

Kwetu Kabuchai, Bungoma, uyoga hautambuliwi kwa sura. Unatambuliwa kwa kichuguu. Unajua kichuguu cha nani hutoa uyoga gani baada ya mvua gani, basi. Mama yangu ana chake nyuma ya miwa, alichoachiwa na mama mkwe wake, na tangu nizaliwe sijamsikia mtu akimuuliza kama uyoga wake ni salama. Lingekuwa tusi. Sheria ya nyumbani ilikuwa moja tu: aliyeokota ndiye anayeonja kwanza, na sisi wengine tunangoja ameze. Hakuna aliyeichukulia kuwa jaribio. Ilikuwa heshima yake, kama vile mwenye nyumba anavyofungua mlango mwenyewe.

Mvua ndefu zilizopita, Mama alikuja kukaa nasi Kitale kwa sababu ya goti. Nyumba yetu iko upande wa kwenda Saboti, karibu na msitu wa paini uliopandwa kwa mistari. Wiki nzima alikuwa mdogo ndani ya nyumba yangu. Aliogopa jiko la gesi. Kila alipoinuka kusaidia, mke wangu alimwambia aketi apumzike, na watoto walimcheka walipomsikia akisema "kurara" badala ya "kulala". Niliona, nikanyamaza. Siku moja, kwa kumwonea huruma, nikamchukua tutembee polepole hadi msituni.

Hakuupenda. Chini ya paini hamna mboga, hamna nyasi, ni majani makavu tu kama sindano. Aliniuliza ni msitu gani huu usiolisha hata mbuzi. Halafu akasimama. Kulikuwa na uyoga, mdogo, wa kahawia, kofia yake haizidi kifungo cha koti. Hatua chache mbele kulikuwa na mwingine wa kahawia, na kando yake mwingine tena, na sijui hata leo kama ulikuwa wa aina moja au tatu. Mama alipiga goti lile lile bovu, akachimba kwa kijiti taratibu, akavuta. Ukatoka na mzizi mrefu mwembamba.

"Una mzizi," akasema, akanitazama kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu aje.

Lazima nieleze. Uyoga wa kichuguu una mzizi unaoshuka mpaka kwa mchwa. Ule mbaya, Mama husema, huketi tu juu ya udongo kama mgeni asiye na kwao. Kwa hiyo kwake mambo yalikuwa yamekwisha. Akaanza kuujaza kwenye leso.

Mimi nikachimba wangu, ule aliouruka, nikaufuata mzizi mpaka mwisho. Haukuenda kwa mchwa. Ulikuwa umeota kwenye tunda kavu la paini, lile la magamba, lililozikwa chini ya majani. Nikageuka kumwangalia Mama. Alikuwa akiimba kwa sauti ya chini. Nikaurudishia udongo kwa kisigino.

Mimi huuza dawa za mifugo mjini. Kutwa kucha kazi yangu ni kuwaambia watu hiki usimpe ng'ombe, kitamuua. Kwa mama yangu nilishindwa kufungua mdomo. Nilijipa moyo kwamba mke wangu atakataa. Watu wake walitoka katikati ya nchi wakalima hapa Trans-Nzoia tangu zamani, na kwao uyoga wa msituni si chakula. Atakataa yeye, nikawaza, na Mama atamlaumu yeye. Ndivyo nilivyopanga, mwanamume mzima.

Mke wangu hakukataa. Naye alikuwa ameona jinsi Mama alivyonywea, na alipomwona akiingia na leso yake huku anatabasamu, aliwasha makaa nje kwa sababu ya ile hofu ya gesi, akatwanga karanga, akauliza majivu ya kulainishia mboga yachujwe vipi. Walipika pamoja wakicheka. Nami nilizunguka zunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia, nikijiambia nitasema sasa hivi, nitasema sasa hivi.

Ugali ukaja. Watoto walikuwa wameshanawa mikono. Mama alijikaza kwa Kiswahili, ili mke wangu aelewe: "Mimi ndio nimeokota, mimi ndio naonja kwanza." Akamega, akachovya.

Nilimnyang'anya sahani. Mchuzi ukamwagika kwenye nguo yake.

"Mama, wacha. Hiyo si uyoga yenye unajua," nikasema, kisha nikaeleza habari ya tunda la paini kwa sauti ile ninayotumia kwa wateja wasiosoma maandishi ya chupa. Binti yangu mdogo akauliza kama nyanya alitaka kutulisha sumu. 

Mama alirudisha tonge, akafuta vidole kimoja kimoja. Kisha akaniambia kwa lugha yetu, polepole: "Uliona kule kule msituni. Ungeniambia tukiwa wawili."

Nilikwenda kumwaga sufuria chooni. Mke wangu alinitazama nikipita, na nilijua hakuhitaji kutafsiriwa. Ulikuwa uyoga gani, sijui. Niliowaonyesha picha niliyorudi kuipiga msituni walisema vile vidogo vya kahawia vinafanana mno, tusile tu. Lakini hata ningejua, ningejitetea kwa lipi? Kama ulikuwa sumu, nilimwacha aubebe, aupike, aupeleke mdomoni. Kama ulikuwa mzuri, nilimvua nguo mbele ya wajukuu bure. Bado naona haya, na sitaki mtu aniambie kwamba nilifanya vyema.

Mama alirudi Bungoma kabla ya goti kupona. Mvua fupi zilipoanza alinipigia asubuhi. Nilifurahi kuona simu yake, nikadhani yamekwisha. Kichuguu chake kilikuwa kimetoa, alisema, na kimetoa sana mwaka huu.

"Niambie, nikule?"

Nilimwambia ale, ni uyoga wake, ameula maisha yake yote. 

"Lakini wewe hujauona," akasema. "Wacha nikungoje, uje uuangalie."